Muhuri wa Mtaa na Maji ya Bondeni

Ndugu msomaji, sina shaka kwamba leo jioni, kama ilivyo Jumapili nyingi, nyumbani kwako kutakuwa na ubishi wa mpira. Baba atawasifu Wekundu wa Msimbazi, kijana wake atawatetea watoto wa Jangwani, na mama atawaambia wote wawili wanyamaze wale kabla chakula hakijapoa. Mimi sitauingilia ubishi huo. Nataka kuuliza jambo moja tu: je, umepata kufikiri kwamba majina hayo mawili tunayoyashangilia ni majina ya bonde moja? Msimbazi ndio mto wenyewe. Jangwani ndio uwanda ambako mto huo hutandaza maji yake kabla ya kuingia baharini.

Majina tunayapenda, lakini bonde lenyewe hatulikumbuki mpaka siku mvua ya masika inapolijaza. Siku hiyo barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi hukatisha safari Magomeni, na mfanyakazi wa Kariakoo husimama ukingoni akiutazama mji ng'ambo ya maji, asijue atamweleza nini msimamizi wake. Maji yakipungua tunavuka, na tukishavuka tunasahau.

Leo ningependa tulizungumze bonde hilo pamoja na meza moja ndogo, nayo ni meza ya ofisi ya serikali ya mtaa, yenye daftari, kalamu na muhuri. Nimefikia kuamini kwamba mabonde ya mji wetu yalipotea juu ya meza hiyo, kiwanja kimoja kimoja, na kwamba yakirudi, sehemu kubwa ya kazi ya kuyarudisha itafanyika juu ya meza hiyo hiyo.

KAZI YA BONDE

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kushuka yapata kilomita 35 hadi baharini karibu na daraja la Selander. Njiani hupokea vijito vya Sinza, Ubungo, Luhanga na vinginevyo. Eneo lote linalomwaga maji yake katika mto huu linakaribia kilomita za mraba 300. Kila tone linaloanguka juu ya bati la Kinyerezi, la Tabata au la Ubungo, lisiponywewa na udongo, lina njia hiyo moja ya kwenda baharini.

Mahali kama Jangwani, palipo na matete, nyasi na madimbwi, wataalamu hupaita ardhi oevu. Bibi zetu walipaita kinamasi, au tope tu. Mtu mwenye haraka akipatazama huona uwanja uliokaa bure. Kumbe pale pana kazi kubwa inayofanyika bila mshahara. Maji yakifika katika matete hupunguza mwendo. Yakipunguza mwendo, mchanga uliobebwa hutuama. Yakitandaa, kina chake hupungua, na ardhi hunywa sehemu yake ikaiachia pole pole katika siku za ukame. Mizizi na vijidudu vya topeni hushughulika na sehemu ya uchafu uliokuja na maji. Mwisho kabisa, kwenye mlango wa mto, mikoko hukamata matope yaliyobaki na kuwapa samaki na kamba mahali pa kuzalia.

Mama wa nyumbani ataielewa kazi hii upesi kuliko mtu yeyote. Ukimwaga ndoo ya maji juu ya sakafu ya saruji, maji hufika mlangoni kabla hujaiweka ndoo chini. Ukimwaga ndoo hiyo hiyo katika bustani yenye majani, unaweza kuketi ukamenya viazi vyako bila wasiwasi. Mji wetu tumeugeuza kuwa sakafu ya saruji, na bustani iliyokuwa mlangoni tumeijengea.

Katika sensa ya mwaka 1967 mkoa wa Dar es Salaam haukufikisha watu 400,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3. Watu wote hao wanahitaji kuni, mkaa, mchanga wa kujengea na mahali pa kulala. Kwa hiyo huko juu miti ikakatwa na mchanga ukachimbwa kando ya vijito, udongo ukabaki uchi. Mvua ikauteremsha udongo huo hadi bondeni, kitanda cha mto kikainuka. Pale Jangwani mitambo huchimba mchanga chini ya daraja, na mvua inayofuata huurudisha. Na katikati, baina ya vilima na bahari, mahali maji yalipozoea kupumzika, pakajengwa nyumba.

Hapo ndipo ninapopenda nikuletee habari za shangazi yangu.

KIWANJA CHA BEI NAFUU

Shangazi yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Kazi ilipopunguzwa katika miaka ya tisini, alipewa kiinua mgongo chake kidogo, akajiapiza kwamba hatamlipa tena mtu kodi ya chumba. Akatafuta kiwanja. Viwanja vilivyopimwa hakuvimudu, na orodha ya waombaji ilikuwa ndefu kuliko maisha yake. Dalali mmoja akampeleka bondeni. Ilikuwa mwezi wa Agosti, ardhi imekauka, upepo mwanana unavuma, na kituo cha basi kipo hatua chache. Bei ilikuwa nafuu mno. Shangazi hakuuliza kwa nini.

Walikwenda ofisi ya mtaa. Hati ya mauziano ikaandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakatia sahihi, na kiongozi wa mtaa akapokea asilimia kumi yake kama ilivyokuwa desturi. Kisha akapiga muhuri. Shangazi alisema sauti ya muhuri ule ilimliwaza kuliko wimbo wowote aliopata kuusikia. Alikuwa mwenye nyumba.

Ndugu msomaji, usifanye haraka kumlaumu. Muhuri ule ulifuatwa na mambo mengine yaliyomthibitishia kwamba hakukosea. Nguzo ya umeme ikasimikwa. Bomba la maji likafika. Karani wa kodi ya majengo akaja na stakabadhi zake. Wagombea wakati wa uchaguzi wakapita nyumba hadi nyumba, wakanywa maji ya kisima chake, wakaahidi barabara. Serikali kwa mikono yake yote ilimwambia shangazi: upo mahali pako. Mkono mmoja tu, uliokuwa umeshika ramani, ndio ulionyamaza. Maana ramani ya mipango ya mji ya mwaka 1979 ilikwisha kuyataja mabonde ya mito kuwa ni ardhi ya hatari, isiyofaa makazi.

USIKU WA DESEMBA

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilianza kunyesha, ikaendelea siku ya pili yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikupata kuonekana mjini tangu mwaka 1954. Watu wasiopungua 40 walipoteza maisha na maelfu wakabaki bila makazi. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa uandishi. Nilimkuta shangazi darasani katika shule moja ya msingi, amejitanda khanga ya kuazima, wajukuu wawili wamelala mapajani pake. Walipandishwa juu ya paa la jirani kwa ngazi, gizani. Cherehani yake, vyeti vyake vya kazi, na picha ya mumewe marehemu, vyote vilikwenda na maji. Hati ya kiwanja, yenye ule muhuri, aliiokoa. Alikuwa ameifungia ndani ya mfuko wa nailoni akaitia kifuani.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini ya mji. Shangazi alipata chake. Lakini wateja wa vitumbua vyake walikuwa bondeni, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida yote kabla hajanunua mchele wa kesho. Akarudi bondeni kama walivyorudi wengi. Wapo waliowaita watu hao wakaidi. Mimi nilikuwa nikila vitumbua hivyo, na najua kwamba shangazi alirudi kwa sababu ya hesabu.

Desemba 2015 nyumba yake ikachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mashine za kubomoa zikaingia bondeni, kesi zikafunguliwa mahakamani, ubomoaji ukasimama, watu wakaendelea kulala nusu usingizi. Aprili 2018 mafuriko yakaja tena yakaua tena. Hakuna aliyeweza kusema kwamba ni maskini peke yao waliokosa kuona mbali, kwa sababu hata karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa pale Jangwani, na mabasi mapya yakakutwa na maji zaidi ya mara moja.

Siku moja shangazi aliniuliza swali ambalo mpaka leo silipatii jibu la kuniridhisha. "Mwanangu," alisema, "mimi sikuiba kiwanja. Nilinunua mchana kweupe, mbele ya serikali. Waliochora X ni serikali. Aliyepiga muhuri naye ni nani?"

SHERIA HAIKUKOSEKANA

Tukilitafakari swali hilo bila hasira, tutaona kwamba kilichokosekana si sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, ikiwa zinaweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Sheria hiyo hiyo inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira, na iwe na kamati za mazingira zinazoshuka hadi kwenye kata na mtaa. Tena mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi ya mjini. Muhuri wake kwenye hati ya mauziano ni ushahidi tu kwamba watu fulani wamekutana mbele yake.

Lakini sheria hukaa katika vitabu, na mnunuzi hukaa mbele ya meza. Kati ya wizara na ukingo wa kijito, mtu wa kwanza kujua kwamba kuna anayemwaga kifusi topeni ni mwenyekiti wa mtaa. Yeye hupita pale kila asubuhi. Ofisa wa halmashauri atafika nyumba ikishaezekwa, na wizara itapata habari nyumba zikishakuwa mia mbili. Wakati huo haki huwa imekuwa ngumu, maana kila atakachofanya mtawala kitamwumiza mtu asiye na hatia. Ukiacha nyumba, maji yataua. Ukibomoa, umemwadhibu aliyedanganywa na kumwacha aliyedanganya. Siku ambayo haki ilikuwa rahisi ni siku ya kifusi cha kwanza.

Mto nao una shida yake nyingine. Hausomi mipaka ya utawala. Huzaliwa mkoa wa Pwani, hupita katika eneo la Jiji la Dar es Salaam ambalo hadi mwaka 2021 tuliliita Manispaa ya Ilala, hupokea maji ya Ubungo, na huishia baharini ukiwa na Kinondoni upande mmoja na Ilala upande wa pili. Halmashauri moja ikisafisha, nyingine ikiruhusu taka, kazi ya kwanza imekwenda bure. Ndiyo maana halmashauri zenye mto mmoja hazina budi kukaa baraza moja juu ya mto huo.

Wako watakaosema: basi tuzinyang'anye serikali za mitaa kazi hii, tuikabidhi juu. Ndugu zangu, njia hiyo tulikwisha kuipita. Mwaka 1972 mamlaka za mitaa zilifutwa. Miji ikaona taabu, mifereji ikaziba, kipindupindu kikapiga hodi, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kufutwa kwa serikali za mitaa lilikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia. Dawa ya meza iliyooza ni kuisafisha, na anayeweza kuisafisha ni yule anayeishi jirani nayo.

WATU WA TABATA

Huenda ukaniambia kwamba mwananchi wa kawaida hana nguvu mbele ya halmashauri. Nitakukumbusha watu wa Tabata.

Katika miaka ya themanini taka za mji zilikuwa zikimwagwa Tabata, na moshi wake ukiingia katika vyumba vya watoto. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji, wakashinda. Halmashauri haikuondoka, ikaomba kuongezewa muda, kisha ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji alikataa, akastaajabu kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani kikiwa na uso mkavu kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira ya watu. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda.

Kisha taka zikapelekwa Vingunguti, kando ya bonde letu hili hili la Msimbazi. Habari hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wakazi wakishikamana, halmashauri husikia. La pili ni kwamba tukitetea mtaa wetu peke yake, uchafu utahamia kwa jirani mwenye sauti ndogo, na mara nyingi jirani huyo ni bonde, kwa kuwa bonde haliwezi kwenda mahakamani.

WALIKOFANIKIWA

Tusidhani kwamba bonde lililoharibika haliponi. Kigali, mji mkuu wa jirani zetu wa Rwanda, una mabonde kuliko tambarare, na mengi yalikuwa yamelimwa, yamechimbwa na kujengwa viwanda. Viwanda vya bonde la Gikondo vilihamishiwa eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. Bonde la Nyandungu, lenye hekta 121, lilikuwa limechakaa. Likapandwa mimea yake ya asili, likachimbiwa mabwawa ya kutuliza maji, likatengenezewa njia za miguu, na Julai 2022 likafunguliwa kuwa bustani ya umma. Leo baba huwapeleka watoto huko mwishoni mwa juma wakatazame ndege. Maji yameachwa kwenye njia yake, na watu wamepewa sababu ya kulipenda bonde lao.

Nasi hatukukaa mikono mitupu. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, unaosimamiwa na Ofisi ya Rais inayoshughulika na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mpango ni kuupanua na kuuchimba mto, kupanda miti huko juu, kugeuza sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya jiji itakayopokea maji wakati wa mvua, na kujenga Jangwani daraja lililoinuka, lenye urefu wa mita 390. Wenye nyumba katika eneo la hatari wamekuwa wakilipwa fidia na kuhama. Shangazi yangu ni mmoja wao. Fidia haikuwa ndefu, wala hakuipata bila kulia, lakini mara hii alihesabiwa kama mtu mwenye nyumba. Hakuchorewa X kama mhalifu.

Hata hivyo, hebu tujiulize. Daraja likikamilika, bustani ikapandwa, ni nani atakayezuia kifusi cha kwanza? Wahandisi watafunga mizigo yao. Mkopo utabaki tuulipe. Mtaa ndio utakaokuwapo asubuhi ile ambapo lori litashusha udongo usiku na kuacha rundo. Mwenyekiti akifumba macho, bustani itakwenda kama lilivyokwenda bonde.

MASWALI YA BARAZANI

Nimelizungumza jambo hili na wasomaji kadhaa, na hoja mbili hurudi kila mara.

Ya kwanza ni mbu. Watu husema kinamasi huleta malaria, hivyo kifukiwe. Ni kweli kwamba mbu huzaliana majini. Lakini mazalia mengi ya mjini tumeyatengeneza wenyewe: mfereji ulioziba kwa mifuko, shimo la mchanga lililoachwa wazi, msingi wa nyumba isiyokwisha. Kuanzia mwaka 2004 Dar es Salaam iliendesha mpango wa kudhibiti malaria ambamo wakazi wa mitaa wenyewe, katika kata 15, walizunguka wakikagua madimbwi na kutoa taarifa. Dimbwi likijulikana hutiwa dawa au huzibuliwa. Kifusi bondeni hakiondoi maji. Huyasukuma yaende kutuama uani kwa mwingine.

Ya pili ni nzito zaidi: maskini aende wapi? Hii ndiyo hoja ya shangazi, nami siipuuzi. Mtu hakimbilii bondeni kwa kupenda tope. Hukimbilia kwa sababu pana kazi karibu na kiwanja cha bei anayoiweza. Halmashauri inayotaka kulinda bonde lazima ipime viwanja vidogo mahali pakavu, penye basi na maji, kabla dalali hajafika. Ulinzi wa bonde usioandamana na viwanja hivyo utakuwa wa mwaka mmoja, kisha njaa ya makazi itaushinda.

KAZI YETU

Basi, ndugu msomaji, baada ya kusema hayo yote, sisi katika nyumba zetu tufanye nini?

Kwanza, kabla hujanunua kiwanja, nenda ukakitazame wakati wa mvua. Kikitangazwa kiangazi, waulize majirani wa zamani, hasa akina mama wateka maji, masika maji hupita wapi. Tazama kuta za nyumba za jirani, maana mstari wa tope ukutani hausemi uongo. Halafu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize eneo lile limepangwa kwa matumizi gani. Muhuri wa mtaa usiutosheke.

Pili, hudhuria mkutano wa mtaa. Najua ni Jumapili, umechoka, na pengine unasoma gazeti. Lakini uliza pale swali moja: kamati yetu ya mazingira ni akina nani, na imekutana lini mara ya mwisho? Ukiona watu wanatazamana, umepata kazi ya kuanzia.

Tatu, taka za nyumbani kwako zisiingie katika mfereji. Mfuko unaotupwa Sinza huziba karavati ya Hananasifu, na anayefurika huko ni mtoto wa mwenzio.

Nne, ukimwona mtu akimwaga kifusi ukingoni, toa taarifa kwa maandishi kwa mtendaji wa mtaa na nakala kwa ofisa wa mazingira wa halmashauri, na wewe ubaki na nakala yako. Maneno ya mdomo husahaulika. Karatasi iliyopokelewa na kupigwa muhuri haisahauliki, na kwa mara moja muhuri utakuwa umefanya kazi upande wa bonde.

Tano, viongozi wa mtaa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Walichaguliwa mwaka 2019, wakachaguliwa tena mwaka 2024. Wengi wetu hatukujitokeza kwa sababu tuliona ni uchaguzi mdogo. Lakini rais wa nchi hatakuja kushuhudia mauzo ya kiwanja cha bondeni. Atakayeshuhudia ni huyu tuliyemdharau kiasi cha kutokwenda kumpigia kura.

Nimalizie na shangazi. Baada ya kulipwa fidia alinunua kiwanja kidogo huko Chanika. Alikitazama miezi minane, masika na kiangazi, mpaka dalali akamchoka. Mwaka jana palikuwa na mkutano wa mtaa wake mpya, nami nilikuwa nimekwenda kumsalimu, nikafuatana naye. Mwishoni mwenyekiti alitaja kwamba kijana mmoja, aliyekuwapo pale na mkewe mwenye mtoto mgongoni, amepata kiwanja kule chini karibu na kijito, na kwamba hati itasainiwa baada ya mkutano.

Shangazi alisimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Samahani mwenyekiti. Kabla hujapiga muhuri, mwambie kijana huyu masika maji hupita wapi."

Watu walinyamaza. Mwenyekiti alikuna kichwa. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa taratibu kwamba maji hupita pale pale, na kwamba miaka ya nyuma yaliwahi kubeba mbuzi wake. Yule kijana alimtazama mkewe, mkewe akamtazama shangazi. Hati haikusainiwa siku ile.

Sijui kama kijana yule alipata kiwanja kingine, wala kama kile cha kijitoni hakikuuzwa kwa mtu mwingine siku ambayo shangazi hakuwapo. Ndiyo maana nimekuandikia. Shangazi ni mmoja, na vijito vya mji wetu ni vingi. Kila mkutano wa mtaa unahitaji mtu wa kusimama na kuuliza.

Tuonane Jumapili ijayo, inshallah.